Bahasha ya majibu irudi mara 5, si mara 1

Mhariri,

Salamu kutoka Mtwara. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na tunaomba usitukatie vipimo, maana barua hii bila vipimo haina kazi.

Wasomaji wanaobadilishana stempu, kadi za posta, kadi za redio (zile za kuthibitisha kwamba matangazo yamesikika) na lebo za viberiti wamekuwa wakilalamika kwamba wanaandika lakini hawajibiwi. Lawama hupelekwa kwa rafiki wa kalamu aliyeko Songea au Kigoma, au hupelekwa posta. Mara nyingi kosa limo ndani ya barua waliyotuma wenyewe: bahasha ya majibu haikuwekwa, au iliwekwa lakini haitumiki. Mtu anayepokea barua 10 kwa mwezi hawezi kununua bahasha 10 na stempu 10 kwa ajili ya watu asiowajua. Zile zilizokuja na bahasha ya majibu hujibiwa kwanza, nyingine hukaa chini ya rundo. Anayetaka kujibiwa amrahisishie mwenzake kwa kutia ndani bahasha ya pili, yenye anwani yake yeye mtumaji na stempu ya kurudia. Bahasha hiyo, ikitengenezwa vizuri, inaweza kutumika safari 5 kabla ya kutupwa.

Tuanze na stempu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoanguka. Stempu ya Tanzania inalipia barua inayotumbukizwa Tanzania tu. Ukimwandikia mtu wa Masasi, Dodoma au Pemba, bandika stempu zetu kwenye bahasha ya majibu na shughuli imekwisha. Ukimwandikia mtu wa Japani au Ujerumani ukamwekea stempu yetu yenye picha ya twiga, hana posta ya kuipokea huko. Ataibandua aiweke kwenye albamu, nawe utasubiri mpaka uchoke.

Kwa barua za nje kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuponi ya kimataifa ya majibu, iliyokubaliwa na Umoja wa Posta Duniani katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906. Mpokeaji huipeleka posta ya nchini kwake akapewa stempu za kutosha barua nyepesi ya ndege kwenda nchi ya nje. Nchi wanachama zote zinapaswa kuipokea kuponi hiyo, lakini hazilazimiki kuiuza, kwa hiyo ulizia dirishani kabla ya kuitegemea. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake. Toleo la Abidjan, kwa mfano, mwisho wake ulikuwa 31 Desemba 2025. Kuponi isibandikwe, isitobolewe kwa pini, isiandikwe kitu. Iache huru ndani ya bahasha ya majibu.

Njia ya pili ni kupata stempu mpya za nchi anayokaa mwenzako. Wanaobadilishana stempu hawashindwi na hili: katika orodha ya unayoyaomba, ombea stempu mbili tatu ambazo hazijatumika, uzitunze kwa bahasha zijazo. Kwa Marekani iko stempu iitwayo Global Forever, iliyoanza mwaka 2013, ambayo haina bei iliyochapwa na inalipia barua ya aunsi 1 kwenda nchi yoyote hata bei ikipanda baadaye. Kwa Uingereza kuweni waangalifu. Stempu zao za kila siku zisizo na msimbopau zilikoma kutumika mwaka 2023, na bado ziko nyingi mikononi mwa wakusanyaji. Zile za picha za matukio maalumu ndizo zilizoachwa ziendelee.

Kutia noti au sarafu ndani ya barua ya kawaida tunakukataza kabisa. Kanuni za posta za kimataifa zinakataza, na noti inahisiwa kwa vidole. Bahasha iliyopasuliwa kwa ajili ya dola 1 hupotea pamoja na kadi yako.

Sasa vipimo. Bahasha ndogo kabisa inayokubalika katika barua za kimataifa ni milimita 90 kwa 140, na urefu wake unatakiwa uwe walau mara 1.4 ya kimo. Ndiyo maana bahasha za mraba za kadi za harusi ni kero posta. Sehemu ya juu kulia, milimita 74 kutoka ukingo wa kulia na 40 kutoka ukingo wa juu, ni ya stempu na muhuri peke yake. Chini kabisa acha milimita 15 wazi, kwa kuwa mashine za kupanga barua za nchi za nje huchapa alama zake hapo. Ukiandika jina la mtaa mpaka chini, alama na maandishi hupandana na barua huenda kokote.

Bahasha tunayopendekeza inakatwa kwenye karatasi 1 ya A4, yaani milimita 210 kwa 297. Isimamishe karatasi wima mbele yako. Kwa rula na penseli piga mstari milimita 25 kutoka ukingo wa kushoto, na mwingine 25 kutoka wa kulia. Kutoka chini pima 112, piga mstari wa kulala, kisha pima tena 112 juu yake, yaani 224 kutoka chini, upige wa pili. Umepata vyumba vitatu: cha chini ni mgongo wa bahasha, cha katikati ni uso, na cha juu chenye milimita 73 ni ulimi, kile kipande kinachofunika mdomo.

Vile vipande vya milimita 25 pembeni vikate kwenye mgongo na kwenye ulimi, uviache kwenye uso tu. Hayo ndiyo masikio mawili. Kata pembe za masikio kwa mshazari wa milimita 5 yasije yakatokeza. Ulimi nao upunguze pande zote mbili kwa mshazari, ili nchani uwe mwembamba kwa milimita 10 kila upande, la sivyo kingo zake hunasa kwenye barua nyingine ndani ya mfuko. Punguza milimita 3 kwenye ukingo wa mgongo na ukate hapo kijimwezi cha kuingizia kidole gumba. Kabla ya kukunja, pitisha peni iliyokwisha wino juu ya kila mstari huku ukiikandamiza na rula. Karatasi iliyokunjwa bila mfuo hupasuka nyuzi kidogo kidogo, na kamba hukatikia pembamba: bahasha inayosafiri mara kwa mara hufa kwenye mikunjo kwanza.

Kunja masikio ndani, paka gundi nyeupe ya seremala upana wa milimita 10 tu kuelekea kwenye mkunjo, pandisha mgongo juu yake, bonyeza. Tia karatasi chakavu ndani mpaka ikauke. Gundi ikizidi huvuja ndani na kuugandisha mfuko, na mwenzako atakapojaribu kutia kadi atauchana. Umepata bahasha ya milimita 160 kwa 112. Kadi ya posta ya A6, yenye 105 kwa 148, inaingia bila kulazimishwa, na kadi ya redio ya sentimita 9 kwa 14 inaingia na nafasi.

Siri ya safari 5 iko kwenye ulimi ule mrefu, na hapa tunaomba msomaji asome taratibu. Kutoka nchani mwa ulimi pima milimita 12 upige mstari mwembamba wa penseli, kisha 24, 36, 48 na 60. Ukanda wa kwanza, ule wa nchani, ndio pekee unaopakwa gundi safari ya kwanza. Andika juu yake kwa herufi ndogo: «Gundi hapa tu». Bahasha ikirudi nyumbani usiichane mdomo wala usiibandue. Pitisha rula kwa ubavuni, kati ya ulimi na mgongo, kisha kata kwa wembe juu ya rula kwenye mstari wa milimita 12. Ule ukanda uliogandishwa unabaki umeng'ang'ania mgongoni, na ulimi sasa una milimita 61. Safari ya pili unapakwa ukanda unaofuata, nao unaangukia juu kidogo ya pale palipokaa wa kwanza, hivyo haupandi juu yake. Ulimi unakwenda 73, 61, 49, 37, 25. Hizo ni funga 5, na ukikata ya tano zinabaki milimita 13 ambazo hazina kazi tena.

Kinachoharibu mpango huu ni selotepu. Mpokeaji mwenye moyo mzuri, akihofia barua kufunguka, huzungushia selotepu ulimi mzima, na bahasha imekwisha siku hiyo. Selotepu pia huyeyuka gundi kwa joto la huku kwetu, ikanata kwenye barua za jirani na kuacha madoa ya njano. Stepla na pini nazo hapana. Hutoboa kadi, hupata kutu kwa hewa ya bahari, na humchoma mchambua barua.

Uso wa bahasha nao usiandikwe wala usibandikwe stempu moja kwa moja. Kata karatasi ya milimita 150 kwa 100, andika juu yake anwani yako, bandika stempu zako kwenye pembe yake ya juu kulia, kisha uibandike karatasi hiyo yote juu ya uso wa bahasha. Tuiite lebo. Barua ikirudi unailowanisha lebo, unaivua nzima pamoja na stempu na muhuri wake, na uso wa bahasha uko safi kwa lebo nyingine. Mkusanyaji anapata faida mbili hapo, kwa sababu stempu iliyo juu ya karatasi yake na muhuri kamili ina maana zaidi kuliko iliyokatwa katikati ya tarehe.

Lebo itabanduka tu kama gundi yake inakubali maji. Gundi ya seremala ikishakauka hairudi nyuma, itakuchania kila kitu. Kwa lebo tumia uji wa muhogo, ambao katika mikoa yetu hauhitaji kutafutwa mbali. Chukua kijiko 1 cha chakula cha unga wa muhogo uliochekechwa kwa kitambaa chepesi, uvuruge kwanza na robo kikombe ya maji baridi mpaka usiwe na madonge, kisha umimine humo robo kikombe ya maji ya moto. Weka kwenye moto mdogo ukikoroga dakika 3 hadi 5, mpaka weupe ule wa maziwa ugeuke kuwa wa kioo. Ukiuacha kabla haujageuka hautashika. Ukiupikia moto mkali utashika chini na kutoa mabonge. Utumie ukiwa umepoa, ndani ya siku 2. Chembe ya shabu huchelewesha ukungu, na kwenye bahasha haina ubaya, lakini usiipeleke kwenye albamu, kwa sababu shabu ina ukali unaochakaza karatasi kadiri miaka inavyokwenda. Mende wanaupenda uji huu kuliko tunavyopenda sisi ugali, kwa hiyo bahasha zilizokwisha bandikwa zikae ndani ya kopo lenye kifuniko.

Wapo wanaotumia utomvu wa mkorosho, ule unaoganda kwenye shina kama vipande vya kaharabu. Ukiyeyushwa kwa maji ya moto na kuchujwa hushika karatasi vizuri na wadudu hawaukimbilii. Rangi yake huacha kivuli cha njano, basi ni mzuri kwa bahasha za kaki kuliko nyeupe. Lakini utomvu wa shina ni kitu kimoja na mafuta ya ganda la korosho ni kitu kingine. Hayo ya ganda huunguza ngozi, yasiguswe kwa kazi hii.

Paka uji ukanda wa milimita 8 hadi 10 kuzunguka kingo zote nne za lebo, na mstari mmoja wa kukatiza katikati. Wengi hudondosha pembe nne tu. Pembe hizo huinuka, na mhuri wa mkono unapogonga stempu lebo hunasa na kuchanika. Kuivua, weka kitambaa kilicholoa juu yake dakika 10, kisha isukume taratibu kutoka kona moja. Ikaushe kati ya karatasi nyeupe chini ya kitabu kizito. Samahani Mhariri, gazeti halifai kwa hilo, wino wake huhamia kwenye stempu.

Kutumia tena bahasha kuna historia yake. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, watu wa majimbo ya Kusini walikosa karatasi wakawa wanabandua bahasha walizopokea, wanazigeuza ndani nje na kuzitumia tena. Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitumia lebo za kubandika juu ya bahasha kuukuu. Njia ya kugeuza ndani nje bado inafaa kwa bahasha za dukani: zishikilie juu ya mvuke wa sufuria, zifungue mikunjo, zikunje upya. Ila hupati zaidi ya safari 1 ya ziada. Na stempu iliyokwisha safiri imemaliza kazi yake, hata kama muhuri uliikwepa. Kinachotumika tena ni bahasha, stempu hununuliwa mpya kila safari. Tunalisema wazi kwa sababu karani anayeona stempu yenye alama ya kubanduliwa atakuwa na haki ya kuikataa barua nzima. Kufunika stempu kwa selotepu ili muhuri usiingie ni udanganyifu uleule.

Uzito. Karatasi ya A4 ya kawaida, iliyoandikwa gramu 80 kwenye paketi, ina gramu 5 kamili, maana karatasi 16 za A4 zinatimiza mita 1 ya mraba. Kwa hiyo karatasi 4 ni gramu 20, ambalo ndilo daraja la kwanza la barua. Asiye na mizani aweke rula ya sentimita 30 juu ya penseli, upande mmoja karatasi 4 zilizokunjwa, upande wa pili barua yake, umbali sawa kutoka katikati. Upande wa barua ukizama, daraja limepitwa.

Bahasha tuliyokata juu ina gramu 4 na kidogo, lebo gramu 1 na kidogo, kadi ya A6 ya karatasi nene ya gramu 250 inakaribia gramu 4. Bahasha ya nje ya kaki ya ukubwa wa nusu A4 ni kama gramu 8. Ongeza barua ya nusu karatasi, gramu 2 na nusu, na jumla inagusa gramu 20. Umeona ilivyo? Kadi ya pili tu inakuvusha. Na hewa ya pwani ina yake: karatasi hunywa unyevu, na kifurushi cha gramu 20 kilichoandaliwa mchana wa jua la Agosti kinaweza kuongeza gramu nzima kikilala usiku wa Februari. Usiandae kwenye ukingo, jiachie gramu 2. Safari ya kurudi ina nafuu, kwa sababu haina bahasha ya nje. Humo kadi 2 na barua fupi zinaingia bila wasiwasi, na ni vyema kumwambia mwenzako hivyo kwa maandishi asije akatia kadi 5.

Barua isiyolipiwa vya kutosha hupigwa herufi T, kifupi cha neno la Kifaransa la tozo, na anayeipokea hudaiwa. Kwenye bahasha ya majibu anayedaiwa ni wewe mwenyewe. Tunashauri stempu 2 au 3 za bei ndogo kuliko 1 ya bei kubwa, na nafasi ya nyingine 1 ndani ya ule mstatili wa 74 kwa 40. Bahasha inaweza kukaa kwa mwenzako miezi 4, na viwango vikibadilika ataongeza stempu moja badala ya kuitupa. Stempu zisigusane na ukingo wa bahasha. Meno yake yanayochungulia nje ndiyo ya kwanza kuliwa.

Bahasha ya nje ikiwa ile ndefu nyeupe ya steshenari, yenye milimita 110 kwa 220, bahasha yetu ya 112 haiingii kwa milimita 2 tu. Ikunje katikati, kwenye milimita 80. Mkunjo huo hauigusi sehemu ya stempu, ambayo inaishia 74. Ukiikunja mara tatu kama barua za ofisini, mkunjo unapita juu ya stempu na stempu hupasuka. Bora zaidi ni bahasha ya kaki ya nusu A4, humo inalala bila kukunjwa.

Anwani iandikwe kwa peni ya kawaida. Peni za jeli, kalamu za maka na printa ya wino hukimbia zikipata tone la mvua, wakati fotokopi na peni haziondoki. Ukitaka uhakika sugua mshumaa mweupe kidogo juu ya maandishi, lakini usiufikishe kwenye sehemu ya stempu, kwani gundi na wino wa muhuri havishiki kwenye nta. Andika jina, chini yake S.L.P. na namba, chini mji na mkoa, na postikodi kama unaijua: za Mtwara zinaanza na 63, za Lindi na 65, na tarakimu 5 zikitimia zinafika mpaka kata. Mkoa usiuache. Mnazi Mmoja iko Lindi, iko Dar es Salaam, iko Unguja. «Kilwa» peke yake haitoshi kwa sababu kuna Masoko, kuna Kivinje na kuna Kisiwani. Barua inayotoka nje iwe na TANZANIA kwa herufi kubwa mstari wa mwisho, kwa maandishi yasiyoweza kusomwa Tasmania.

Asiye na sanduku atumie la shule, la msikiti, la kanisa au la ofisi ya ndugu, kwa ruhusa, na aandike jina lilelile wenye sanduku wanalomjua nalo. Bahasha ya majibu ikiandikwa jina la utani la mpirani hukaa kwenye meza ya mwalimu mpaka likizo.

Hali ya hewa ya kwetu inadai uangalifu ambao vitabu vya wenzetu wa nchi kavu havielezi. Kuanzia Desemba hadi Aprili stempu hujigandisha zenyewe kwa zenyewe na bahasha za dukani hujifunga zikiwa tupu. Kati ya stempu na stempu weka karatasi ya nta, na ndani ya kopo weka kifuko cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa mkavu, ukirudishe kikaangoni kila wiki mbili. Chumvi usiweke, yenyewe huvuta maji. Na katika miezi hiyo, hata na ule unaofuata, usihesabu siku: Mei 2024 barabara ya kuja kusini ilikatika eneo la Somanga, na kila kilichokuwa njiani kilisubiri. Tarehe ya mwisho ya kujibiwa isiandikwe kwenye bahasha ya majibu kabisa. Mwenzako akiipokea imepita atadhani haina maana tena.

Wanaoomba mihuri ya posta wana jambo lao dogo. Wakusanyaji wa nje wanaitamani mihuri ya Newala, Nachingwea, Liwale na Kilwa Masoko. Jina la Lindi nalo linajulikana kwa wapenzi wa visukuku kwa sababu ya Tendaguru, palipochimbwa mifupa ya dinosaria mwaka 1909 hadi 1913 na sasa imesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin. Anayekuandikia kutoka huko akikuombea muhuri, mpelekee karani bahasha ya majibu ikiwa na kipande cha kadibodi ndani, ili uso uwe mgumu, na umwombe kwa adabu apige mara 1, taratibu, kwa muhuri usiolowa sana. Bahasha laini hutoa nusu duara. Muhuri uliogongwa mara 2 hausomeki tarehe. Wenye redio za ridhaa na wasikilizaji wa masafa mafupi wao waandike tarehe, saa na masafa kwenye kadi, si kwenye bahasha, na kadi ielekee mgongoni, kinyume na stempu, isije ikapata alama ya mhuri.

Kwenye kona ya ndani ya ulimi, karibu na mkunjo pasipokatwa, andika namba ya bahasha kwa penseli, na kwenye daftari uandike imekwenda kwa nani, lini, na imebakiza funga ngapi. Ukiwa na bahasha 8 kwenye mzunguko utajua ipi imepotea na ipi imechelewa tu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Chini ya kila anwani ya anayetafuta rafiki wa kalamu, chapisha mstari mmoja: «Tia bahasha ya majibu, milimita 160 kwa 112, yenye stempu na anwani yako.» Na kama nafasi ipo, ule mchoro wa vyumba vitatu, 112, 112 na 73, uchapwe siku moja kwenye ukurasa wa watoto kwa kipimo chake halisi, ili mtoto wa Tandahimba au Ruangwa aweze kuulaza juu ya karatasi yake na kukata.

Wakusanyaji wa stempu na kadi,
Mtwara